Ratiba ilivyolinyima zege wiki yake

Magunia yamekunjwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza anachokiona anapofika ghorofani asubuhi hiyo, kabla hata hajaiweka chini chupa yake ya chai.

Kila jioni huyaacha magunia hayo yametandazwa juu ya zege jipya, yamelowa chepechepe, kama shuka juu ya mgonjwa. Leo yamepangwa pembeni ya ngazi, makavu, yamefungwa kwa kamba. Na fundo si lake. Yeye hafungi hivyo.

Anasimama na mpira wa maji mkononi. Zege liko wazi, jeupe, na jua limeshaanza kulipiga.

Kwenye eneo hili la ujenzi wanamwita Mvua. Ni msichana mwembamba, mwenye haya, anayeongea akitazama vidole vyake vya miguu. Kazi yake ni kulimwagilia zege maji, asubuhi, mchana na jioni, lisije likakauka kwa pupa likapasuka. Zege likishamwagwa linataka maji, na linataka muda. Kwa sakafu hii ya ghorofa ya pili, mhandisi alisema wiki mbili. Chini yake imesimamishwa mirunda, yaani nguzo za miti, kulishikilia mpaka lipate nguvu za kujibeba lenyewe.

"Watu wanaona kama nacheza na maji," anasema, mkono mdomoni ili kuficha kicheko. "Wapita njia wananiuliza, 'Dada, unamwagilia nyumba ili iote?'"

Mafundi nao hawamwachi. Akionekana tu na mpira wake, mmoja atapiga kelele, "Anueni nguo, mawingu hayo!" Yeye huinamisha kichwa na kuendelea na kazi. Hajawahi kumjibu hata mmoja.

Asubuhi hiyo ya magunia, simu yake ililia mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisini, wa aina inayotumwa na kompyuta yenyewe. Aliusoma polepole, kidole chini ya kila neno. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na ikabidi mtu abaki nyumbani. Kusoma anajua, lakini hakimbii.

Ujumbe ulisema kazi yake ya zege la ghorofa ya pili imekamilika. Aende stoo akaoshe vigae.

Aliurudia kuusoma. Imekamilika? Zege lilimwagwa wiki iliyopita tu. Wiki ya pili ndiyo kwanza inaanza.

Hakuliwazia zege. Aliwaza kibarua chake. Hapo kazini amewahi kuona watu wanavyoondolewa: kwanza unatolewa kwenye kazi yako, unapelekwa stoo. Kisha stoo wanakuambia leo hakuna kitu, pitia kesho. Na kesho yake ni hivyo hivyo, mpaka mwenyewe unajiongeza na kukaa nyumbani. Yeye hulipwa kwa siku. Siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chochote.

Hapo ndipo Bi Kelele alipotokeza ngazini, anahema. Huyu ni mama wa usafi, mtu mzima, mwenye sauti inayomtangulia kona mbili. Siku chache nyuma jua lilipozidi kuwa kali alipewa kazi ya kumsaidia Mvua kumwagilia.

"Mwanangu, umeona ujumbe? Tumemaliza! Mgongo wangu unashukuru."

"Nani amekunja magunia, mama?"

"Vijana wa msimamizi, jana tulipoondoka. Na wewe unayalilia magunia? Yananuka kama mbwa aliyenyeshewa, waache wayachukue."

"Lakini wiki mbili hazijaisha."

"Wakubwa wakisema zimeisha, zimeisha. Au unataka kubishana na simu?" Bi Kelele alimvuta mkono. "Twende stoo, huko kuna kivuli."

Walishuka pamoja. Chini, kati ya mirunda, nyundo zilikuwa zinagonga. Ko. Ko. Ko. Mvua alizisikia, hakuzijali. Huko chini ndiko wanakofanya kazi maseremala, na kaka yake ni mmoja wao. Seremala asipogonga atafanya nini?

Bi Kelele alishika njia ya stoo. Mvua alisimama katikati ya kiwanja, akageuka, akaelekea ofisini. Anasema hajui ujasiri huo aliutoa wapi. "Nilijiambia, kama ni kufukuzwa, bora nijue kosa langu."

Ofisi ni kontena la chuma lililotobolewa madirisha. Ndani yake hukaa kijana mmoja mpole anayeitwa Bwana Mistari. Yeye ndiye mtunza ratiba. Kwenye skrini yake kila kazi ya jengo zima ni mstari wa rangi: mrefu ukiwa kazi ni ndefu, mfupi ukiwa kazi ni fupi, na kila mstari una mtu wake. Kazi moja ikiisha, mstari unaofuata unaanza, na simu ya mhusika inalia. Mafundi husema kama huna mstari kwa Bwana Mistari, wewe hapa ni mgeni.

Mvua alisimama mlangoni muda mrefu, anakwaruza kizingiti kwa kidole gumba cha mguu.

"Ingia, dada," Bwana Mistari alisema bila kugeuka. "Mlango hauumi."

"Samahani, kaka. Nimekosea nini?"

Sasa aligeuka. "Nani amesema umekosea?"

Alimnyoshea simu. "Nimeambiwa nimemaliza. Na mimi sijamaliza."

Bwana Mistari alisoma, akatabasamu. "Aa, hii? Usiogope, hii ni habari njema. Si nilikuongezea Bi Kelele? Nilipomwingiza tu kwenye mstari wako, programu ikapiga hesabu yenyewe. Mtu mmoja, wiki mbili. Watu wawili, wiki moja. Kazi inayofuata ikasogea mbele, ujumbe ukaenda kwa wahusika. Mimi hata kidole sikuinua."

Lililomwingia Mvua kichwani ni moja tu.

"Kwa hiyo nilipokuwa peke yangu nilikuwa mvivu?"

Bwana Mistari alicheka. "Hapana, bwana! Uvivu gani? Wewe unamwaga maji tu. Kinachochukua wiki mbili si mikono yako, ni zege lenyewe linavyo…"

Hakumaliza.

Mvua anasema hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Kicheko kilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Dirishani nyundo ziliendelea. Ko. Ko. Ko.

"Kazi inayofuata," alisema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe. Akaigeukia skrini. Mstari wa kijani wa Mvua ulikuwa umekatwa nusu, na pale ulipokatika ulianza mstari mwingine, wa rangi ya chungwa, wa asubuhi ile ile. Pembeni yake paliandikwa: Kutoa mirunda.

"Mungu wangu," Bwana Mistari alisema.

Kiti kilianguka. Alimpita Mvua mlangoni akiwa na soksi tu. Viatu vyake vilibaki chini ya meza.

Alikimbia huku akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni chini!" Lakini mashine ya kuchanganya zege ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa, inanguruma katikati ya kiwanja, na ikinguruma hata mtu aliye kando yako humsikii. Msimamizi alimwona kijana anakuja mbio na mikono juu, akadhani anasalimia. Naye akampungia mkono.

Mvua alikuwa nyuma yake. Kati ya mirunda iliyokuwa bado imesimama aliwaona maseremala wanne wameinama, na wa ndani kabisa, aliyewapa mgongo, akiwa amepiga goti anagonga kabari itoke, alikuwa kaka yake. Nyumbani kwao wamebaki wawili tu, yeye na huyo kaka. Hawana mwingine.

"Nilitaka kumwita," anasema, akigusa koo. "Sauti ilinikwama hapa. Nilifungua mdomo pakatoka hewa."

Miguuni pake ulilala mpira wa maji wa ile mashine. Hakufikiri. Aliufungua mfereji mpaka mwisho, akabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, jinsi afanyavyo anapotaka maji yafike mbali, akawaelekezea maseremala.

Maji yaliwapiga usoni, shingoni, migongoni.

"Nani huyo mjinga?"

"Simu yangu! Jamani, simu yangu mfukoni!"

"Mvua, umepagawa? Hebu zima!"

Hakuzima. Aliwafuata nayo mmoja baada ya mwingine, nao wakatoka kwa hasira, wanafuta macho, wanamjia juu. Wa mwisho kutoka alikuwa kaka yake, nyundo mkononi, shati limegandana na mwili.

"Wewe mtoto wewe! Leo nakwambia utani…"

Nyuma yake palitoka sauti. Mvua anasema ilikuwa kama mtu anachana turubai zito, polepole, kwa mikono miwili. Kisha upande wote wa varanda wa sakafu ile, zege, mbao na nondo, ukainama na kwenda chini.

Ardhi iliruka. Vumbi likafunika kila kitu, hata jua.

Mtu mmoja aliizima mashine. Bi Kelele alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na kigae mkononi, mdomo wazi, na hakutoa neno. Wafanyakazi wenzake wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho.

Msimamizi alianza kuwahesabu watu wake. Akapotea katikati, akaanza upya. Akapotea tena. Ikabidi kila mmoja ainue mkono na kusema, "Nipo." Walikuwepo wote. Chini ya kifusi kulikuwa na sanduku la vifaa, mashati mawili na chakula cha mchana cha maseremala.

Kaka yake Mvua aliangalia mahali alipokuwa amepiga goti. Nyundo ikamtoka mkononi. Alimjia mdogo wake, akamshika masikio yote mawili kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akamtazama.

"Hakuniachia," anakumbuka Mvua. "Na mimi maji bado yanamwagika, yanamlowesha miguu. Nikashindwa hata kuzima."

Mhandisi alifika mbio kutoka jengo la pili. Ni mtu wa makamo, mwenye suruali iliyonyooshwa ikanyooka, na alikaa chini kwenye tope vile vile alivyo.

"Nani ametoa ruhusa?" aliuliza. "Mirunda haitolewi kabla sijaja kukagua. Nani amekagua?"

Msimamizi alitoa simu yake na kumwonyesha. Ratiba ilisema ukaguzi asubuhi ile, mhandisi ndiye mkaguzi, kisha mirunda itolewe. Msimamizi alipofika alikuta saa ya ukaguzi imeshapita, akaamini umeshafanyika.

Mhandisi hakuwa na habari. Saa ile ile, programu ilikuwa imemwandika sehemu tatu: kukagua zege hapa, kupima msingi wa jengo la pili, na kukaa kikaoni na mwenye mali. Kote kumeandikwa yeye, siku nzima, kana kwamba wako wahandisi watatu wanaofanana. Yeye alikwenda kwenye msingi.

"Programu hupiga kelele mtu akizidiwa," anaeleza Bwana Mistari. Anaongea huku anaikunja na kuikunjua karatasi tupu. "Inamweka rangi nyekundu. Lakini skrini yangu yote ilikuwa nyekundu. Kila mtu hapa amezidiwa. Nikaizima ile alama ili nipate kuona vizuri." Anatikisa kichwa. "Ili nipate kuona vizuri! Hebu fikiria."

Kosa alilolifanya kwenye mstari wa Mvua na Bi Kelele analieleza bila kujitetea. Katika mstari mmoja alikuwa ameweka mambo mawili: kumwaga maji, ambayo ni kazi ya mikono, na kulisubiri zege, jambo ambalo si kazi ya mtu yeyote. Programu haikujua tofauti. Iliona jina moja, ikaongezewa la pili, ikagawa. Angeongeza watu wanne ingegawa tena.

"Kuchimba mtaro, leta watu kumi, utaisha upesi," anasema. "Lakini kungoja, hata ulete mji mzima uje kungoja, muda ni ule ule. Hili mtoto mdogo analijua. Na mimi nalijua! Nilikuwa nalieleza kwa mdomo wangu mwenyewe huku nyundo zinagonga."

Alitarajia kufukuzwa. Alishapanga vitu vyake kwenye mfuko. Mhandisi ndiye aliyemzuia, akamwambia aliyeiharibu ratiba ndiye ataitengeneza, tena mbele ya wanaoifanya kazi, si mlango ukiwa umefungwa.

Ndiyo maana leo, wiki kadhaa baada ya varanda kuanguka, watu wote wameitwa kwenye banda la chakula. Kifusi kimeondolewa, mirunda mipya imesimama. Bwana Mistari ameweka kompyuta na projekta juu ya meza ndefu, na mwanga unamulika shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Atasoma mstari mmoja mmoja. Mwenye kazi akisikia yake, aseme kama ni kweli.

Mvua amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kaka yake amekaa kando yake. Tangu siku ile haendi mbali naye.

"Dereva wa winchi," anasoma Bwana Mistari. "Jumapili, kupandisha matofali."

"Jumapili?" Dereva anainuka nusu. "Jumapili mimi niko kitandani na redio. Nani amenipandisha huko juu?"

"Kalenda yako haikuwekwa siku ya mapumziko. Programu inaamini hupumziki."

"Basi iamini hivyo hivyo iendeshe yenyewe!"

Banda linacheka. Bwana Mistari anarekebisha, anaendelea. Wapaka rangi, ambao ni kundi la watu wanane, wameandikwa kama mtu mmoja, na kazi yao imenyooshwa mpaka karibu mwisho wa mwaka. Mkubwa wao anaomba ratiba ibaki hivyo hivyo, kwani ameipenda. Fundi bomba amepangiwa kuunganisha mabomba kabla mabomba hayajanunuliwa.

"Bi Kelele, usafi wa ghorofa ya kwanza," anasoma. Ananyamaza, anasogeza macho kwenye skrini. "Halafu… umeandikwa kwenye kila chumba, na umeandikwa tena kwenye kichwa cha kazi yote. Saa zako zimehesabiwa mara mbili."

"Nilijua!" Bi Kelele anapiga meza. "Nilikuwa nawaambia watoto wangu nyumbani, mimi nachoka kama watu wawili, wananiambia mama umezeeka. Chapisha hiyo karatasi, niwapelekee!"

Hata mhandisi anacheka, na Mvua anacheka bila kufunika mdomo.

Kicheko hakijatulia bado Bwana Mistari anaposoma mstari mwingine.

"Ghorofa ya pili, kutengeneza na kufunga milango ya vyumba. Anayehusika, Mzee Patasi." Anainua kichwa. "Mzee Patasi yupo? Huyu sijawahi kumwona."

Watu wa zamani wanatazama chini. Dereva wa winchi anavua kofia.

"Hajafika leo?" anauliza Bwana Mistari. "Atakuja lini? Maana yeye amebeba karibu milango yote. Ndiyo sababu naona maseremala tunao wa kutosha."

"Kaka," anasema msimamizi kwa sauti ya chini, "hiyo orodha ya watu uliipata wapi?"

"Niliirithi kwenye ratiba ya jengo lililopita. Sikuandika upya, nilinakili. Kwani vipi?"

Benchi la nyuma, kaka yake Mvua ameshika kichwa. Mzee Patasi ni baba yao. Alikuwa seremala wa kampuni hii hii, mwenye patasi ndogo aliyoiweka nyuma ya sikio kama kalamu, na ndiye aliyemfundisha ufundi mwanawe wa kiume tangu akiwa mdogo. Aliugua kifua, akalala, hakuamka. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mama yao alikuwa ameshatangulia.

Kwa muda wote huo, ndani ya kompyuta, baba yao alikuwa anakwenda kazini. Alikuwa na mstari wake wa bluu, mrefu. Alikuwa na kalenda na mapumziko yake ya mchana. Wiki ijayo alitakiwa aanze chumba cha kwanza.

"Bado ana kazi," anasema kaka yake Mvua, na hakuna anayejua kama anacheka au analia. "Jamani, mzee bado ana kazi."

Bwana Mistari ameelewa sasa. Anatazama shuka ukutani, anatazama benchi la nyuma, anautoa mkono juu ya kompyuta kana kwamba imemuunguza.

"Samahani," anasema. "Jamani, samahani sana. Sikujua. Ni… nimfute?"

Kaka anatikisa kichwa, na mtikiso wenyewe si ndiyo wala si hapana.

Mvua anasimama.

Ni mara ya kwanza watu wa hapa kumwona amesimama mbele yao pasipo mpira wa maji. Anatazama vidole vyake vya miguu, kisha anainua macho na kuyapeleka kwenye ule mstari wa bluu.

"Mfute," anasema. "Baba alishafariki."

Bwana Mistari anabonyeza. Mstari unaondoka. Inabaki milango, imejipanga kwenye shuka bila mtu.

Bi Kelele anafuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu, kwa upole, kwa kuwa kazi ni kazi, Bwana Mistari anauliza, "Milango hii sasa nimpe nani?"

"Niandike mimi," anasema kaka.

"Wewe umejaa, kaka. Wiki hizo hizo uko kwenye mbao za ngazi. Nikikuongeza utageuka mwekundu, na nimeapa nyekundu sitaifunika tena."

"Basi tafuta mwingine. Maseremala hawakosekani."

Mvua bado amesimama. Kaka yake anamvuta upindo wa gauni akae. Hakai.

"Niandike mimi," anasema.

Dereva wa winchi hajizuii. "Mvua, milango haimwagiliwi maji, itavimba!"

Watu wanacheka, si kwa ubaya. Siku nyingine angekaa. Leo anangoja wamalize, kisha anamtazama aliyesema.

"Najua. Ndiyo maana nataka kuitengeneza, si kuimwagilia."

Banda linalipuka, dereva anapigwa makofi ya mgongo, anakubali ameshindwa. Mhandisi anauliza kama ana ujuzi. Mvua anasema ujuzi hana, ila kupiga randa anajua, kunoa patasi anajua, na kupima mbao anajua. Hayo mengine mtu amwonyeshe. Akiandikwa pamoja na kaka yake, wafanye jioni, baada ya ngazi, atajifunza.

"Mkiwa wawili, nikate siku?" anauliza Bwana Mistari, na safari hii anauliza kama mtu anayeshika waya wa umeme.

"Usithubutu," anasema kaka. "Anayejifunza haongezi kasi. Ziongeze."

Bwana Mistari anaziongeza. Mstari mpya unatokea ukutani, wa kijani, mrefu kuliko wa bluu uliokuwepo. Mhandisi anasema kwa milango ya kwanza atapita mwenyewe kuitazama, na kama ni mizuri watazungumza habari ya kumtoa kwenye maji na kumpeleka useremala moja kwa moja.

Kaka yake hajaondoa macho kwake. Amekaa amegeuka kabisa, kama mtu aliyeketi kando ya mgeni safari nzima na sasa amegundua ni jirani yake.

"Kupiga randa umejifunza wapi wewe?" anamuuliza.

"Nyumbani. Wewe ukilala."

"Na hamu hii ya useremala, tangu lini?"

Mvua anakaa. Anajibu polepole, bila kufunika mdomo, na kwa sauti ambayo hata walio benchi la mbele wanaisikia.

"Tangu baba yuko hai. Kila alipokuita uende ukajifunze, mimi nilikuwa nafagia maranda hapo hapo mlangoni. Nilitaka aniite na mimi. Sikumwambia."